Haki ya Neno la Mwanamke

Mfugaji hutia alama ng'ombe wake, na ng'ombe akipotea huweza kurudishwa kwa mwenyewe hata kutoka bonde la mbali. Mtunga neno hana alama ya namna hiyo. Neno likiisha kutoka kinywani huenda litakako, na anayeliokota halazimiki kuuliza limetoka kwa nani. Likiandikwa na kuchapwa huenda mbali zaidi. Tena huuzwa, na bei yake huingia katika mfuko wa mtu fulani. Hapo huzuka swali ambalo ni la maadili kabla ya kuwa la sheria: mchapaji, mtaalamu na msomaji wana deni gani kwa mtu aliyelitunga neno wanalolitumia?

Swali hili lamhusu kila mtunzi, awe mwanamume au mwanamke. Walakini limemwelemea mwanamke zaidi, kwa kuwa katika nchi nyingi ametunga mengi na kuandikwa machache. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, jambo hili huonekana waziwazi. Miinuko ya Mbulu ni nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang ni makao ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kinailoti. Nao huishi huko pamoja na Wairaqw na watu wa makabila mengine. Hadithi, nyimbo na maamuzi ya wanawake wa nchi hizo yaliishi zamani nyingi bila karatasi. Yalipoingia katika karatasi, aghalabu yaliingia kwa mkono wa mtu mwingine, kwa lugha nyingine na kwa soko la mbali.

Ili kuipima hali hiyo yafaa kutazama kwanza mahali ambapo soko la vitabu lilikomaa mapema na wanawake wakaingia humo kwa wingi. Mahali hapo ni Uingereza ya karne ya 18. Sheria iliyoanza kutumika huko mwaka 1710 ilimpa mtunzi haki ya kitabu chake kwa muda wa miaka 14, na miaka 14 mingine kama muda wa kwanza ulikwisha naye angali hai. Sheria hiyo haikumtenga mwanamke. Mji wa London ulikuwa na wauza vitabu wengi walionunua miswada, wakaichapisha na kuiuza, wala hawakujali sana kama mtunzi alivaa suruali au gauni, maadamu kitabu kilinunuliwa. Mtu aweza kudhani kwamba soko lilimkomboa mwanamke. Mifano mitatu yatosha kuonyesha kwamba lilimpa haki vipande vipande.

Wa kwanza ni Frances Burney. Mwaka 1778 ilitoka riwaya yake iitwayo Evelina, bila jina la mtunzi. Burney alikuwa amezoea kumnakilia baba yake kazi zake, akachelea kwamba wachapaji wangeutambua mwandiko wake; kwa hiyo aliunakili mswada kwa mwandiko wa kujigeuza. Ndugu yake wa kiume ndiye aliyeshughulika na muuza vitabu, Thomas Lowndes, naye pia alikwenda hali amejigeuza. Lowndes alitoa gini 20, ambazo ni paundi 21, akawa mwenye kitabu. Kitabu kikapendwa mno, kikachapwa tena na tena, na faida kubwa ikawa ya Lowndes. Burney alipata ujira, tena ujira mdogo, lakini hakuwa na jina. Miaka 18 baadaye, jina lake likiwa limekwisha kujulikana, riwaya yake Camilla ilitolewa kwa njia ya wasomaji kulipa kabla ya kuchapwa, na fedha alizozipata zilitosha kujengea nyumba. Hakuna lililobadilika katika uwezo wake wa kuandika kiasi cha kueleza tofauti hiyo yote. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kujulikana kwake.

Wa pili ni Charlotte Smith. Mashairi yake yalitoka mwaka 1784 na jina lake likiwa juu yake. Wakati huo mumewe alikuwa amefungwa kwa sababu ya madeni, naye Charlotte alikaa pamoja naye gerezani kwa muda. Mwaka 1787 walitengana, na tangu hapo aliandika riwaya mfululizo ili awalishe watoto wake. Walakini sheria ya ndoa ya Uingereza ilimhesabu mume na mke kuwa nafsi moja, na nafsi hiyo ilikuwa ya mume. Mapato ya mke yalikuwa mali ya mume hata kama hawakukaa nyumba moja. Mwanamke huyu alikuwa na jina lililosifiwa mjini, lakini ujira wa kalamu yake haukuwa salama mikononi mwake. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizokuja kuiondoa dhuluma hiyo, naye alikuwa amekufa tangu mwaka 1806.

Wa tatu ni Phillis Wheatley, binti wa Afrika ya Magharibi aliyeuzwa utumwani Boston mwaka 1761. Kitabu chake cha mashairi kilichapwa London mwaka 1773, na jina lake likiandikwa humo wazi. Walakini mwanzoni mwa kitabu ilitiwa hati yenye majina ya waungwana 18 wa Boston, walioshuhudia kwamba mtumwa huyu mwenyewe ndiye aliyeyatunga mashairi yale. Bila ushahidi wa wanaume wale, wachapaji waliona kwamba watu hawataamini. Basi swali la kwanza la wasomaji wengi halikuwa, «Anasema nini, nasi tuna jibu gani?» Lilikuwa, «Je, kweli yeye ndiye asemaye?» Mtu ambaye kila akisema huulizwa kama ni yeye bado hajasikilizwa, hata kama jina lake limechapwa kwa herufi kubwa.

Katika mifano hiyo yaonekana mambo matatu ambayo hudhaniwa kuwa jambo moja. Kuna ujira, yaani haki ya mtunzi kufaidi kwa kazi yake. Kuna jina, yaani haki ya kazi kujulikana kuwa ni yake. Tena kuna jibu, yaani haki ya neno lake kupokewa kama neno la mtu mwenye akili, likakubaliwa au likapingwa, na yeye mwenyewe akapata nafasi ya kujibu tena. Soko la London liliweza kutoa moja kati ya hayo bila kutoa mengine. Mwenye kuuliza kama soko lilimtendea mwanamke haki hana budi kuuliza juu ya yote matatu.

Sasa yafaa kurudi Hanang, kwa kuwa huko mpangilio ulikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1964 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, George Klima, alichapisha makala kuhusu haki za wanaume na wanawake miongoni mwa Wabarbaig. Katika makala hiyo alieleza baraza la wanawake ambalo Wabarbaig huliita girgwageda gademga. Mwanamume akimkosea mkewe kwa jambo lililohesabiwa kuwa la kuwavunjia heshima wanawake, kosa hilo halikuwa la nyumba moja tu. Wanawake wa jirani walikusanyika, wakayasikiliza maneno, wakashauriana na kutoa hukumu. Aliyeonekana na hatia alitozwa ng'ombe dume. Akikataa kulipa alikabiliwa na laana ya wanawake, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyelidharau. Mabaraza ya wanaume yalikuwako kwa mambo mengine, lakini hukumu hii ilikuwa ya wanawake wenyewe.

Jambo hili lastahili kufikiriwa kwa makini. Katika miaka ambayo Charlotte Smith aliandika kurasa elfu nyingi pasipo sheria kumlinda dhidi ya mumewe, palikuwa na watu duniani ambao kwao uko utaratibu wa wanawake kukaa chini ya mti, bila kalamu wala wino, na kumlazimisha mume wa mtu kutoa dume zizini. Si vema kupita kiasi katika kulinganisha, maana haijulikani kwa yakini utaratibu huo wa Hanang una umri gani, wala si kweli kwamba mwanamke wa Kibarbaig alikuwa sawa na mwanamume katika kila jambo. Katika umiliki wa ng'ombe na katika mengine mengi hakuwa hivyo. Walakini kwa habari ya neno lake kujibiwa, alikuwa na kitu ambacho mwandishi mashuhuri wa London hakuwa nacho. Neno lililosemwa barazani halikuweza kufungwa na kuwekwa rafuni kama kitabu. Lilidai jibu, na jibu lilikuwa na pembe nne za miguu na mbili za kichwa: lilitembea mpaka mahali lilipodaiwa.

Wanawake wa baraza hilo hawakulipwa kwa ufasaha wao, wala majina yao hayakuandikwa. Hawakuhitaji kuandikwa, kwa sababu kila aliyekuwapo aliwajua. Hapa pana siri moja ya jina. Mahali ambapo msemaji na msikilizaji huonana, jina si haki ya kudaiwa, lipo usoni. Huanza kuwa haki ya kudaiwa neno linaposafiri na kumwacha mwenyewe nyuma. Karatasi ndiyo iliyolisafirisha neno la wanawake wa Hanang. Msomaji wa makala ya mwaka 1964 alilijua jina la mtaalamu, alilijua jina la kabila, akaijua hukumu. Aliyetoa hoja iliyowashawishi wenzake barazani alibaki «mwanamke wa Kibarbaig». Hili halisemwi kumlaumu mtaalamu mmoja. Ndiyo iliyokuwa desturi ya elimu yake, na pengine kuyaficha majina kulikuwa na busara. Walakini desturi yaweza kuwa ya kawaida na bado ikaacha deni.

Deni la namna hiyo halikuishia katika maneno. Wanawake wa Kiiraqw zamani walishona sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga kwa ustadi mkubwa, na baadhi ya sketi hizo leo zimo katika makumbusho ya ng'ambo. Kibandiko huwa na jina la kabila na mara nyingi jina la aliyekusanya au aliyetoa. Mshonaji hana jina. Ndivyo ilivyokuwa katika riwaya nyingi za London zilizotoka karne ya 18 bila jina la mtunzi, au zikiwa na maneno machache tu ya kusema kwamba mtunzi ni bibi fulani. Bibi fulani na mwanamke wa kabila fulani ni ndugu: wote wawili wametajwa ili wasijulikane.

Pwani ya Kenya yatoa mfano wa njia nyingine. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Hakuna muuza vitabu aliyeununua. Ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa na kukaririwa majumbani, na miaka mingi ilipita kabla Alice Werner hajauchapisha ng'ambo mwaka 1917, na tena pamoja na William Hichens mwaka 1934. Majina ya wataalamu hao yalitiwa kitabuni, lakini jina la mtunzi halikumezwa. Halikumezwa kwa sababu watu waliouhifadhi utendi walimjua mwenyewe na waliendelea kumtaja. Basi soko silo lililolitunza jina la Mwana Kupona. Lilitunzwa na wasomaji wake, ambao walikuwa na deni kwake wakalilipa kwa kumbukumbu.

Dhidi ya hayo yote huweza kutolewa hoja mbili. Hoja ya kwanza yasema kwamba hadithi ya jadi haina mwenyewe. Bibi wa Mbulu asimuliaye jioni alisikia hadithi kwa bibi yake, naye kwa bibi wa zamani zaidi. Kumwandika yeye kuwa mtunzi ni kuwadhulumu waliomtangulia. Hoja hii ina ukweli, lakini haifiki inakotaka kufika. Hadithi yaweza kuwa ya wote, na usimulizi ukawa wa mmoja. Mahali pa kunyamaza, wimbo wa kutia katikati, na mhusika wa kuonewa huruma ni kazi ya msimulizi wa jioni ile. Tena ajabu ya hoja hii ni kwamba hutumika upande mmoja tu. Hadithi isiyo na mwenyewe ikiisha kuchapwa hupata mwenyewe mara moja: huwa ya mkusanyaji, ambaye hakuitunga wala hakuisimulia. Kama mali ya wote haiwezi kuwa na jina la bibi, yawezaje kuwa na jina la mgeni?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasema kwamba jina laweza kuwa hatari. Burney alijificha kwa hiari yake, kwa sababu alijua namna binti mwandishi alivyosengenywa. Mwanamke wa kijijini asimuliaye mateso ya ndoa yake aweza kupigwa kwa ajili ya kurasa mbili zilizochapwa mjini. Kumtaja ni kumtendea haki ya mdomoni huku akiumia mwilini. Hoja hii yapasa kukubaliwa, lakini yahitaji kupambanuliwa. Kuna pazia ambalo mtu hulivuta mwenyewe, na kuna pazia ambalo huvutiwa na wengine. Alama ya pazia la hiari ni kwamba mwenyewe aweza kulifungua. Mary Wollstonecraft alichapisha kitabu chake cha kutetea haki za wanadamu mwaka 1790 bila jina, na kabla ya mwaka kwisha akatoa toleo la pili lenye jina lake. Kufunika na kufunua kulikuwa juu yake. Mwanamke ambaye hakuulizwa kama ataka kutajwa hakufichwa kwa ajili ya usalama wake. Amesahauliwa tu, na neno usalama limeletwa baadaye ili kuupamba usahaulifu.

Nchini Tanzania sheria imefanya sehemu yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kutoa mali yake, hivyo hali iliyomtesa Charlotte Smith haina msingi katika sheria hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi bila kujali jinsia. Wanawake nao wameingia katika uandishi na uchapishaji kwa majina yao wenyewe. Penina Muhando alitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972; Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya Shida mwaka 1975; na mwaka 1989 Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D. Yule aliyekuwa akiuza mswada kwa Lowndes sasa aweza kukaa katika kiti cha Lowndes.

Mbulu nayo imepata mfano wake. Mwaka 2002 ilichapwa Köln, Ujerumani, kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza yenye majina matatu ya watungaji: Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Martha Qorro ni msemaji wa Kiiraqw na msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina lake limo juu ya kitabu, si ndani katika orodha ya shukrani. Hiyo ni hatua kubwa, na haifai kupunguzwa. Walakini hata kamusi njema huacha jambo la tatu likidai. Mkulima wa Mbulu asiyejua Kiingereza, ambaye maneno ya kamusi ni yake tangu utotoni, hawezi kuifungua na kusema, «Hapa mmekosea, neno hili hutumika kwa mtungi, si kwa chungu.» Kamusi ya wataalamu ina wasomaji wake wa haki, na watungaji hawakukosa kwa kuwaandikia. Kosa litakuwa la kizazi kitakachodhani kwamba kazi imekwisha hapo.

Mwanafunzi wa chuo aendaye Haydom, Dongobesh au Katesh na kinasa sauti mfukoni ndiye hasa swali hili limwangukialo. Yeye si Lowndes, wala hatajirika kwa hadithi tatu. Lakini atapata shahada, na shahada ni ujira. Basi yampasa amwulize msimulizi kama ataka jina lake liandikwe, na kumwuliza kwa lugha ambayo msimulizi aielewa vema. Akikubali, jina liandikwe palipo hadithi, si katika ukurasa wa mwisho. Kukiwa na fedha, agawiwe. Na juu ya yote, maandishi yarudi. Yasomwe mbele yake, kwa Kiiraqw au Kidatoga kama ndiyo lugha yake, na yeye apewe nafasi ya kusema kwamba sivyo alivyosema. Kati ya madeni matatu, hili la mwisho ndilo rahisi kusahaulika, kwa kuwa ujira una hesabu na jina lina herufi, bali jibu lahitaji safari ya pili.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Neno la mwanamke limecheza ugenini muda mrefu, likashangiliwa na watu wasiomjua mchezaji. Wanawake wa Hanang waliokaa barazani hawakuomba kushangiliwa. Walitaka neno lao lipate jibu, na walijua la kufanya lisipopata. Kitabu hakina laana ya kumtia hofu mdaiwa. Mwenye kukichukua neno lake na kukiuza hubaki na dhamira yake tu, nayo ndiyo itakayomwambia kama safari ya pili amekwisha kuifanya.